Uzito wa Kiti cha Nyuma

Tik.

Ilikuwa sauti moja tu, ndogo, kavu, kama jino linapogonga jino. Siméon alifumbua macho gizani akabaki chali, akisikiliza. Mvua ilikuwa imekatika. Mabati yalidondosha matone ya mwisho, na nyuma ya nyumba za majirani ziwa lilikuwa likipumua. Lakini sauti ile haikuwa ya tone, wala ya wimbi. Fundi huijua sauti ya kazi yake kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe. Kilikuwa kile kichwa kidogo cha alumini kilicho juu ya amortisere, ile nguzo inayomeza mashimo ya barabara, kile unachokizungusha kwa vidole ili kuifanya iwe laini au ngumu, na ambacho hulia hivyo kila kinaposogea hatua moja.

Kichwa hicho kilikuwa ndani ya kofre, buti ya nyuma ya gari. Kofre ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa chini ya mto wake.

"Umesikia?" alinong'ona Emmanuella, mkewe. Naye alikuwa macho, mkono juu ya tumbo lake kubwa.

"Panya."

"Panya ya Kalemie siku hizi inatengeneza motokari?"

Siku nyingine Siméon angecheka. Usiku huo alivuta shuka mpaka kidevuni, akangoja sauti ya pili. Haikuja. Hilo halikumtuliza. Mtu anayejaribu huzungusha mara nyingi, mbele na nyuma, akitafuta. Aliyezungusha mara moja tu alikuwa anajua anachotaka.

Gari lilikuwa la Papa Germain, muuza ndagala, dagaa wa ziwa lile, Mark II nyeupe iliyovuka ziwa kutoka Kigoma na usukani wake upande wa kulia. Nyuma ilikuwa imechoka. Kila alipopakia abiria na magunia ya samaki, tumbo lilisugua barabara. Wiki nzima Germain na Siméon walikuwa wamekaa kwenye benchi la garaji, uani kwa Siméon, wakibishana juu ya picha zilizotumwa na muuzaji wa Kigoma kwa simu.

"Mi nataka hii," alisema Germain. "Ilale chini kama simba."

"Papa Germain, simba akilala kwenye barabara ya Kalemie, anaamuka bila tumbo."

"Vijana ya Lubumbashi wanazo."

"Vijana ya Lubumbashi wako na lami. Wewe uko na mashimo, na ziwa imepanda mpaka kwenye avenue. Hii yako resori ni ngumu, ni ya mashindano. Ukipiga shimo moja, meno ya abiria yanabaki kwenye siti. Chukua hii ingine. Mwili murefu, resori laini, unaipandisha kadiri unataka."

"Na urembo?"

"Urembo njo kufika, Papa."

Germain aliuguna urembo huo wa kufika tu, akakubali. Amortisere zikaja kwa boti, nne, za buluu, kila moja imevikwa resori yake, springi nene, juu ya mwili wenye nyuzi kama za skrubu. Kwenye nyuzi hizo hukaa pete. Ukiizungusha pete juu, gari linapanda upande huo, ukiirudisha, linashuka. Kazi ya kuzifunga ni ya nguvu. Kazi ya kuzipima ni ya subira.

Siméon alikuwa na namna yake ya kupima. Mafundi wengine hupima gari likiwa tupu, na mwenyewe akipanda na watu wake vipimo vyote vinageuka uongo. Yeye alipima gari likiwa limebeba. Alikuwa na mifuko minne ya mchanga, kila mmoja na uzito wa mtu. Aliiketisha kwenye viti, akaifunga mikanda kama abiria waaminifu, ndipo akazungusha pete mpaka gari likasimama sawa, pembe zote nne.

Lakini safari hii mfuko wa nne ulipasuka.

Jioni akachukua mfuko mwingine akaenda kuujaza mahali pa karibu, kwenye ufuko ambao watu wa nyumba yake walikuwa wakiupita bila kusimama tangu mvua za mwaka jana. Hapo ndipo mawimbi yalipotupa mbao za boti lililokuwa likimleta mdogo wake kutoka Kigoma. Wenzake walipatikana, wengine hai, wengine maiti. Yeye hakupatikana.

Kwa watu wa mwambao ule, mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha huzikwa hivi: hukatwa shina la mgomba lenye urefu wake, huvishwa shati lake, hulazwa kaburini, na mama yake hulitaja jina lake kwa sauti. Kisha matanga huondolewa. Mama Domitille, mama yao, alikataa. "Mimi sikuzaa mugomba," aliwaambia wakubwa wa ukoo, akawafungia mlango. Tangu siku hiyo jina halikutajwa nyumbani. Kumtaja kama marehemu ilikuwa kumuua mbele ya mama yake. Kumtaja kama aliye hai ilikuwa kumdanganya. Walipolazimika kumsema walisema tu "wetu".

Siméon aliutundika mfuko kwenye mizani ya wauza samaki. Ajaze kiasi gani? Uzito wa mtu. Na mtu aliyemjia kichwani, kwa sababu ujanani walikuwa wakitundikana kwenye mizani hiyo hiyo huku wauza samaki wakiwafukuza kwa matusi na kicheko, alikuwa huyo "wetu". Kilo sitini na nane. Aliongeza mchanga kwa kiganja, akapunguza, akaongeza, mpaka mshale ukatulia. Aliubeba begani, maji yakimtiririka mgongoni, akauketisha kiti cha nyuma, kushoto, akaufunga mkanda. Hakuwaza kitu. Mikono ilifanya yote peke yake.

Kabla ya kulala alikuwa amekwisha kupima, ametoa mifuko yote, amefunga kofre. Ndipo usiku ikaja ile sauti.

Asubuhi pembe ya nyuma kushoto ilikuwa imeshuka vidole viwili.

Siméon alilala chini ya gari, akatazama pete. Ilikuwa pale pale alipoiacha, imekazwa. Resori haikuwa imevunjika. Ilikuwa imebonyea tu, kama inavyobonyea mtu akikaa. Alifungua kofre. Kile kichwa cha juu kilikuwa kimesogea hatua moja kuelekea ugumu, kana kwamba abiria amejirekebishia kiti.

Alipandisha pete. Kesho yake pembe ikawa chini tena, na kichwa kimesogea hatua nyingine. Akafungua amortisere nzima, akaibadilisha na ya kulia. Iliyotoka kulia ikashuka; ile ya kushoto, upande wake mpya, ikasimama vizuri kabisa.

"Kwa hiyo si chuma," alisema Emmanuella, amesimama mlangoni pa garaji, ameshika kiuno.

"Si chuma."

Emmanuella akainama polepole, akapitisha mkono dirishani, akagusa kiti cha nyuma. Akaurudisha haraka. Vidole vilikuwa vimelowa, na vilinuka ndagala mbichi na matope ya chini, yale meusi ambayo nyavu huyaleta kutoka mahali ambapo jua halijafika.

"Siméon," alisema taratibu, "ile mimba ya kwanza ilitoka, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Hii ya pili sitaki kusikia mapenzi ya kintu kingine. Tosha hii motokari kwangu."

Siméon alimpigia Germain simu siku hiyo hiyo, aje aliondoe gari lake. Germain alifika amevaa shati lililopigwa pasi, akalizunguka gari mara mbili, akalisifu, akaketi mbele kushoto ili fundi amwonyeshe kazi. Ilikuwa mchana mweupe. Walipita njia ya kandokando ya ziwa, wakaingia kwenye mashimo moja baada ya jingine, na mbele gari liliyapokea kwa upole, likapanda, likashuka, likatulia. Germain alipiga kofi gotini.

"Ah, fundi! Hii sasa ni kitanda!"

Lakini nyuma kushoto haikupanda. Kila shimo, pembe ile iligonga kwa uzito wa mtu, na usukani ulijivuta kidogo, kila mara upande mmoja, upande wa maji.

"Mbona inavuta?"

"Nitairekebisha, Papa."

"Na nani anaimba?"

Siméon aliongeza mwendo. Alikuwa amesikia tangu kituo cha pikipiki, wimbo usio na maneno, wa puani, ule ule wa "wetu", kama wa mtu anayejisahaulisha safari ndefu. Germain alicheka kidogo, akageuza kioo cha kati ili ajione, kisha hakujiona, kwa sababu macho yake yalikwenda nyuma yakabaki huko. Mkanda wa kiti cha kushoto ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na mtu. Lakini mkanda haukuwa umelala juu ya kiti kama ulalavyo mkanda mtupu. Ulikuwa umenyooshwa mbele, umejipinda hewani, umezunguka kifua kisichoonekana. Na kifua hicho, taratibu, kilikuwa kikipanda na kushuka.

"Simama," alisema Germain kwa sauti ndogo mno. "Fundi, kwa jina ya Yesu, simama, mi nishuke."

Alishuka, hakufunga mlango, akaenda zake kwa miguu na shati lake lililopigwa pasi, bila kugeuka. Jioni alituma ujumbe: *Kaa nayo kwanza. Nitarudi.* Hakurudi.

Gari likabaki uani. Na mtu wa kwanza kulizoea alikuwa Mama Domitille.

Alianza kwa kukaa karibu nalo akimenya muhogo. Kisha akahamisha kigoda, kikawa kando kabisa ya mlango wa nyuma. Emmanuella alimwona akiinua pua, macho yamefumbwa, akinusa ile harufu ya maji ambayo wengine waliiziba kwa mikono. Siku moja alimkuta ameweka sahani ya ugali na samaki wa mikebuka juu ya kiti, ndani, na ameufunga mlango kwa adabu kama mtu anayemwacha mgeni ale.

"Mama, unafanya nini?"

"Amechoka," alisema kikongwe. "Ametoka mbali. Usipige kelele."

"Nani, Mama?"

Mama Domitille alifungua kinywa. Emmanuella aliona jina likipanda kooni mwake, aliliona kama unavyoona tonge. Akamshika mkono kwa nguvu, na kikongwe akameza, machozi yakamtoka. Ndipo, kutoka nyuma ya kioo kilichojaa ukungu kwa ndani, sauti ya kijana ilisema, kwa upole, kwa kubembeleza, bila kupumzika katikati ya maneno kama wapumzikavyo wenye mapafu:

"Mama, niite. Niite tu, nitoke."

Siku hiyo Emmanuella mwenyewe ndiye aliyekwenda kumtafuta Mama Yvette.

Mama Yvette aliongoza kikundi cha maombi mtaani, na asubuhi aliuza samaki. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, magamba bado yaking'aa mikononi. Hakuleta ngoma wala chupa ya mafuta. Alilitazama gari lilivyoinama, akamtazama Siméon, akamwambia amweleze kazi yake yote, pete kwa pete. Siméon alipofika kwenye mfuko wa nne, mama huyo alinyanyua mkono.

"Ulipima na kilo ya nani?"

Siméon akaelekeza kidevu upande wa ziwa.

"Lete ule mufuko."

Aliuleta. Aliubeba kwa mkono mmoja, na kabla hajaufikisha uso wake ulikuwa umebadilika. Waliutundika kwenye mizani ya jirani. Mfuko ulikuwa umejaa mchanga mpaka shingoni, na mshale haukusogea hata kidogo.

"Unaona," alisema Mama Yvette taratibu. "Watu wanafikiri ziwa inakamata muntu kwa njaa. Hapana. Mule ndani muko kintu haina mwili, haina kilo, haina jina. Inachukua kwa muntu. Wewe ulikipa kilo. Ulikipa kiti. Ulikifunga na mukanda kisianguke. Kimebakisha jina tu."

"Ni mwanangu," alisema Mama Domitille kutoka kwenye kigoda chake. "Anajua wimbo yake."

"Mama, hata kasuku anajua wimbo." Mama Yvette alichuchumaa mbele yake, akaishika ile mikono iliyokauka. "Sikia. Jina ya marehemu iko na nyumba mbili tu: kaburi, ao mutoto mwenye kupewa. Ukiinyima zote mbili, inabaki inje, na mwenye kuiokota anaivaa. Ukiita hii kintu kwa jina ya mwanako, itashuka kwenye motokari, itaingia mu nyumba, na hakuna maombi itaitosha, kwa sababu itakuwa mutoto wa hii nyumba. Na huyu wa mu tumbo ya mukwe yako hatakuwa na nafasi. Kata mugomba, Mama. Zika. Taja jina pale, juu ya udongo."

"Mimi sikuzaa mugomba."

"Basi umupe mujukuu."

"Mujukuu atapata yake. Ile iko na mwenyewe." Na kikongwe akageuka, akaweka kiganja chake juu ya kioo cha gari, na kwa ndani, kwenye ukungu, alama ya kiganja kingine ikatokea, kubwa kuliko chake, ikakutana nacho kidole kwa kidole.

Siméon alirudisha mchanga ziwani. Haukusaidia. Alikata mgomba, akauvisha shati la mdogo wake, akachimba kaburi nyuma ya nyumba. Mama yake alilitazama shimo siku nzima bila kulitaja jina, na mvua ikaja ikalijaza maji, shina likaelea ndani yake likizunguka polepole, mikono ya shati imetanda.

Mvua hiyo haikukatika. Ziwa lilipanda juu ya barabara ya kandokando, likaingia kwenye maduka. Na jua lilipokuwa likizama nyuma ya mawingu bila kuonekana, Emmanuella alishika nguzo ya baraza, akapiga kelele moja fupi, na maji ya uzazi yakamwagika kwenye saruji, kabla ya wakati wake.

Siméon alikimbia mpaka kituo cha pikipiki. "Papa, kule daraja maji iko kwenye magoti," walimwambia. "Pikipiki itakufa katikati. Na mama mwenye uchungu atakaa namna gani?" Alirudi amelowa chapachapa. Mama Domitille alikuwa amempakata mkwewe kichwa. Damu ilikuwa nyingi kuliko inavyotakiwa, hata mwanamume aliliona hilo.

Uani palikuwa na gari moja tu, lililo juu vya kutosha kupita maji yale. Lilikuwa limeinama nyuma kushoto, likingoja.

Siméon alijua kuwa likibaki vile halitafika. Litavuta upande wa ziwa mpaka liingie. Akaleta kriki, ile jeki yake. Alilala kwenye matope, mvua ikimpiga machoni, akatoa gurudumu, akaingiza ufunguo kwenye pete ya nyuma kushoto, akaanza kuizungusha juu, na kila alipoizungusha alijua anachokifanya, kwamba hamtoi tena yule abiria bali anampimia, anampa nafasi yake, analiandaa gari kwa uzito wake kama anavyoliandaa kwa uzito wa mama yake na mke wake na mtoto wake, na resori ikakaza, na pembe ikapanda, na gari likasimama sawa kabisa, pembe zote nne, zuri kuliko lilivyowahi kusimama. Kutoka juu yake, kupitia sakafu ya chuma, sauti ikasema, kama mdogo kwa kaka yake:

"Aksanti, yaya."

Walimlaza Emmanuella nyuma, upande wa kulia, magoti juu. Mama Domitille akakaa katikati. Kushoto mkanda ulikuwa umekwisha kufungwa.

Taa za gari zilimulika maji tu, maji ya kahawia yenye majani na vifuniko vya chupa, na Siméon aliendesha kwa kumbukumbu, akihesabu kona kwa mwili wake, kona ya duka la mafuta, kona ya kanisa, na mbele amortisere zilipokea mashimo yasiyoonekana kwa ule upole aliouchagua yeye mwenyewe kwenye benchi la garaji, na nyuma Emmanuella aliuma kitambaa na kulia kupitia pua, na katikati ya kilio chake ule wimbo usio na maneno ukaanza, karibu, wa kubembeleza, ukifuata pumzi yake, ukimtangulia, mpaka ikawa Emmanuella ndiye anayeufuata. Na walipofika mahali ambapo barabara na ziwa vimekuwa kitu kimoja usukani ukageuka. Haukuvuta. Uligeuka, kama unavyogeuzwa na mkono wa mwenye gari, na Siméon akaushika kwa mikono yote miwili, akausukuma kwa kifua, akakanyaga breki mpaka chini, na gari likaendelea kwenda, polepole, kwa raha, bila kuruka, likashuka kutoka barabarani kuelekea kwenye giza lililo wazi, maji yakafika milangoni, yakaanza kuingia kwa chini, ya baridi, yenye harufu ile ile.

Injini ikazima. Gari likasimama, likitikiswa na mawimbi.

"Siméon," alinong'ona Emmanuella. "Anakuja."

"Ngoja. Ngoja kidogo."

"Hawezi kungoja."

Mtoto alizaliwa pale, ndani ya giza, mikononi mwa bibi yake. Siméon aligeuka na tochi ya simu, akaona mgongo mdogo wa buluu, miguu miwili inayoning'inia, mtoto wa kiume. Mama Domitille alimpangusa pua kwa kitenge chake. Akampiga unyayo. Akampiga tena.

"Mama, mbona halii?" aliuliza Emmanuella. "Mama. Halii."

"Niite," ilisema sauti ya kushoto. Safari hii haikubembeleza. Ilikuwa na haraka. Maji yalikuwa yamepanda juu ya viti vya mbele, na gari lilianza kuinama, nyuma kushoto, likitelezea chini kuelekea kina. "Mama, niite mimi, nitamupa pumzi. Sisi wote tutarudi nyumbani. Niite."

Mama Domitille aligeuka kushoto. Siku zote alikuwa amekaa karibu naye bila kumtazama moja kwa moja, na sasa, katika mwanga wa simu unaotetemeka, alimtazama, na kwa kuwa alimtazama akamwona: mashavu yake, nyusi zake, shingo yake ndefu, sikio lake la kulia, kila kitu mahali pake, bila doa, bila jeraha, bila hata siku moja ya maji. Alimtazama kwa muda mrefu kama mama. Alinyoosha mkono, akamgusa shavu. Lilikuwa limejaa, zito, laini. Lakini kwenye kidevu, pale ambapo mwanawe alikuwa ameangukia jiwe la kusagia akiwa na umri wa kutambaa, pale alipomshona muuguzi wa hospitali huku yeye mwenyewe akimshikilia kichwa, ngozi ilikuwa nzima, bila kovu.

Mkono wa kikongwe ukarudi kwenye mapaja yake, juu ya mtoto.

"Wangu alikufa," alisema.

Gari lote lilitetemeka.

"Mama…"

"Wangu alikufa mu maji. Mwaka jana. Mimi njo mama yake, na mimi njo ninasema."

Mkanda wa kushoto ulikatika kwa mlio kama wa fimbo. Kitu kikubwa na cha baridi kiliwaegemea wote watatu wa kiti cha nyuma, kikawabana dhidi ya mlango wa kulia, kikikosa pumzi ambayo hakijawahi kuwa nayo, na maneno yakamwagika kutoka kwake yakiwa maji, na maji yakiwa maneno, niite, niite, niite, mpaka Siméon akaziba masikio na Emmanuella akafumba macho. Lakini Mama Domitille hakuziba wala hakufumba. Aliinama juu ya ule mwili mdogo wa buluu. Alizinyonya pua zake, akatema. Alipuliza mara moja kinywani mwake, akaweka midomo yake kwenye sikio lisilo kubwa kuliko kifuniko cha soda kilichokanyagwa, sikio ambalo halijasikia neno lolote la dunia hii, na kwa sauti ambayo nyumba yake haikuwa imeisikia tangu mvua za mwaka jana, sauti ya mama anayemwita mwanawe aingie ndani, akalitoa lile jina alilolinyima kaburi:

"Wewe. Wewe njo Exaucé."